Furu, Pleko na Baridi ya Karagwe: Maswali na Majibu

Kufuga samaki wa mapambo Kayanga au Nkwenda si sawa na kufuga Dar es Salaam. Huku tuko juu, usiku una baridi, umeme una tabia zake, na maji ambayo wengi wetu tunayategemea ni ya mvua. Maswali yafuatayo ndiyo wafugaji wa Karagwe na Kyerwa huuliza mara kwa mara.

Shikamoo mwalimu. Nasikia watu wakitaja "sikilidi" kama samaki wa kigeni wa bei kubwa. Ni samaki gani hasa?

Marahaba. Sikilidi umewala tangu utotoni. Sato ni sikilidi, ngege ni sikilidi, mbiru ni sikilidi, na furu wadogo waliokuwa wakianikwa na kuuzwa kwa mafungu ni sikilidi pia. Hao furu ndio wanaowapa wafugaji wa Ulaya na Marekani wazimu. Ziwa Victoria lilikuwa na aina zaidi ya 500, na wataalamu wa mashapo ya ziwa wanasema kwamba ziwa lenyewe lilikauka na kujaa upya miaka 15,000 hivi iliyopita. Ina maana aina karibu zote zimechipuka katika muda ambao kwa historia ya viumbe ni kufumba na kufumbua.

Kisha akaja sangara. Alipandikizwa ziwani miaka ya 1950, akaongezeka kwa kishindo miaka ya 1980, na furu wakapukutika. Aina nyingi hazijaonekana tena. Miongoni mwa zilizobaki yupo mmoja wa mawe ya upande wa Mwanza: dume lake lina mgongo mwekundu, mbavu za njano na mistari myeusi. Mwaka 1985 watafiti wawili Waholanzi walimpa jina la kitaalamu la *nyererei*, kwa heshima ya Mwalimu Nyerere. Huyo leo anazaliwa kwenye matangi ya sebuleni Ujerumani, na Mtanzania anayemfuga ni wa kutafuta kwa tochi.

Nianze na furu wa kwetu au niagize wale wa rangi kali kutoka Kigoma?

Anza na wa kwetu. Samaki wa Ziwa Tanganyika wanataka maji magumu, yenye chumvichumvi nyingi za madini na pH karibu na 9. Maji ya mvua yanayoshuka kwenye bati lako Omurushaka ni kinyume chake kabisa. Utatumia fedha na muda kuyageuza, na kila ukibadilisha maji unaanza upya. Furu wa bonde la Kagera na Ziwa Victoria wamezoea maji mepesi zaidi. pH ya 7.2 hadi 8 inawatosha.

Kwa tangi dogo ningependekeza *Pseudocrenilabrus multicolor*, samaki wa kidole wa kwenye mafunjo. Amezoea vinamasi vyenye hewa haba, kwa hiyo umeme ukikatika yeye ndiye wa mwisho kulalamika. Kwa tangi kubwa, *Astatoreochromis alluaudi*, anayepatikana pia katika maziwa madogo ya mfumo wa Kagera. Huyu hula konokono, na ana maajabu yake: akilelewa kwenye konokono, mifupa ya koo hunenepa na meno ya huko huwa butu kama mawe ya kusagia, akilelewa tangini kwa chakula laini, mifupa hiyo hubaki myembamba na meno huwa membamba. Mtaalamu wa samaki Greenwood aliyaandika hayo mwaka 1965. Ukimtupia konokono wa bustanini mara mojamoja utasikia, ukituliza sikio, ganda linavyovunjika.

Neno moja kuhusu kuwapata. Usiende kuvua ndani ya hifadhi. Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe ni hifadhi za taifa tangu 2019, na askari hawatasikiliza hadithi ya tangi lako. Nenda kwa wavuvi wenye leseni, na mwone kwanza afisa uvuvi wa wilaya.

Tangi la ukubwa gani, na nani anitengenezee?

Sentimita 120 kwa 40 kwa 50. Hilo linabeba lita 240, yaani kilo 240 za maji kabla hujahesabu kioo, mchanga na mawe, kwa hiyo meza ya sebuleni sahau. Jenga kizimba cha tofali. Fundi vioo yeyote mzuri ataliunganisha kwa kioo cha milimita 10. Jambo la kumsimamia ni silikoni: ile ya bafuni huwa na dawa ya kuzuia ukungu, na dawa hiyo huua samaki polepole huku ukihangaika kutafuta ugonjwa.

Maji ya simtank yanafaa?

Yanafaa, ukiyafanyia kazi. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iache iende, maana inasomba vumbi, masizi ya jikoni na vinyesi vya ndege juu ya bati. Maji ya bomba yaliyotiwa klorini yakae kwenye ndoo wazi kwa siku nzima, na ukiweza yapulizie hewa. Kwa kuwa ya mvua hayana madini ya kutosha, pH yake huweza kuporomoka ghafla tangini. Weka mawe machache ya chokaa. Utayajua kwa kudondoshea siki au maji ya limau: likitoa povu, ndilo.

Sasa sehemu inayoua samaki wengi kuliko magonjwa yote. Tangi jipya halina bakteria wa kulisafisha. Samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wa kundi la kwanza huigeuza kuwa nitriti, nayo ni sumu. Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia kwa kiasi. Makundi hayo huchukua wiki nne hadi sita kukomaa, na kwa baridi yetu yanaweza kuzidi hapo. Njia ya mkato iliyo halali ni moja: omba sifongo chafu la chujio kutoka kwa jirani mwenye tangi lenye afya, ulikamue kwenye lako. Usilioshe kwanza! Kile kinachoonekana uchafu ndicho ulichokifuata.

Nipo Kaisho. Usiku tunajifunika blanketi mbili. Samaki watakufa?

Hawatakufa kwa usiku mmoja, lakini hawatazaa. Furu wanataka nyuzi 24 hadi 27. Kwa lita 240 tumia hita ya wati 200 au 250, na bandika maboksi ya povu yale ya kupakia vifaa nyuma na pembeni mwa tangi. Juni na Julai ndipo utaona faida yake.

Tatizo kubwa kwetu ni umeme. Kwa miaka mingi Kagera ililishwa kutoka Uganda, na kila mtu hapa anajua maana ya kukaa gizani kwa sababu ya hitilafu ya mbali. Umeme ukikatika, joto hushuka taratibu; hewa ndiyo hupungua haraka. Kwa hiyo tumia chujio la sifongo linaloendeshwa na pampu ya hewa, kisha nunua pampu ya akiba ya betri au uunganishe ya volti 12 kwenye sola ya nyumbani. Funika tangi kwa blanketi, acha mwanya wa hewa juu, na usiwalishe mpaka umeme urudi. Mwenye chujio la mtungi lililofungwa alisuuze kabla ya kuliwasha tena, kwani bakteria waliokosa hewa mle ndani kwa saa nyingi hufa na kuoza, na ukiliwasha unawamwagia samaki sumu.

Nimeuziwa pleko kwamba atakula kinyesi cha wengine na kulisafisha tangi. Kweli?

Umeuziwa maneno. Pleko ni kambale mwenye magamba ya mfupa na mdomo wa kunyonya, asili yake Amerika ya Kusini. Hula mwani na mimea, na yeye mwenyewe hunya kuliko furu watatu. Usipomlisha, anakonda tumbo likaingia ndani huku mwenyewe ukidhani anashiba uchafu.

Muulize muuzaji ni pleko gani. Yule wa kawaida, *Pterygoplichthys*, huuzwa akiwa wa kidole na hufika sentimita 40 na zaidi. Mchukue *Ancistrus*, ambaye huishia 12 hadi 15. Dume utamtambua kwa vishina vya nyama vilivyomea puani kama ndevu zilizokosea njia. Jike hana, au anavyo vifupi pembezoni mwa mdomo. Mpe tango, mchicha uliochovywa kwenye maji ya moto, na kipande cha mti mkavu wa kukwangua. Mlishe baada ya kuzima taa, la sivyo furu watamaliza. Na pleko mgeni akae peke yake wiki tatu au nne kabla ya kuungana na wenzake.

Furu wangu hawazai. Nina madume mawili na jike mmoja.

Jike huyo yuko matatani. Dume mmoja kwa majike watatu au zaidi, ndiyo hesabu, na mawe ya kutosha ili anayefukuzwa apotee machoni.

Wakiwa tayari utaona. Dume hukolea rangi, hufukua kishimo mchangani, humwinamishia jike ubavu huku mwili ukitetemeka kama aliyeshikwa na homa. Jike akikubali huingia kishimoni, wakazunguka kichwa kwa mkia. Anataga yai moja au mawili na kugeuka kuyadaka mdomoni kabla hata hayajatulia. Ndipo dume hutandaza pezi la chini ya tumbo, lenye madoa ya njano yanayofanana na mayai. Jike huyarukia kana kwamba kuna mengine aliyoyasahau, na hapo mbegu ya dume humwingia mdomoni. Mayai hurutubishwa mlemle.

Kuanzia hapo atakaa na koo limevimba wiki mbili hadi tatu bila kula. Mhamishe usiku, taa zimezimwa, kwa bakuli badala ya wavu, maana akishtuka huwatema watoto. Mpe tangi dogo lenye sifongo. Akishawaachia, mrudishe baada ya siku chache za kumlisha vizuri; ukimrudisha amekonda, dume atammaliza.

Na pleko?

Ni rahisi, ukimjengea nyumba. Kipande cha mwanzi au kigae cha mtungi, kina cha sentimita 12 hadi 15, upana wa 4 au 5, upande mmoja umezibwa. Dume huingia na kugoma kutoka. Jike hutaga humo kishada cha mayai ya rangi ya chungwa kisha huondoka. Malezi yote ni ya baba, anayeyapepea kwa mapezi usiku na mchana. Huanguliwa kwa siku tano hivi kwenye nyuzi 26. Wakichelewa kuzaa, badilisha theluthi ya maji kwa maji yaliyopoa kidogo, siku ya mvua. Wanajua masika.

Naweza kuwachanganya furu wa aina mbili? Na wakizidi, niwaachie Mto Kagera?

Kuwachanganya, hapana, kama unataka kuzalisha. Majike ya furu wengi hufanana, na jike huchagua dume kwa rangi. Mwaka 1997 mtafiti Ole Seehausen na wenzake walionyesha kwamba maji ya Ziwa Victoria yanapochafuka, majike hushindwa kutofautisha rangi na aina huanza kuingiliana. Tangini, ambako dume ni mmoja na kuta ni nne, jike hana hata la kuchagua. Utapata machotara wasio na jina.

Kuwaachia mtoni, hapana kabisa. Chotara mmoja akizaa na furu wa ziwa dogo, hakuna wa kumtoa tena. Pleko ni hatari zaidi: huko Florida, Mexico, Bangladesh na Afrika Kusini walioachiwa wamegeuka wavamizi, na hutoboa kingo za mito kwa mashimo ya kuzalia hadi udongo unaporomoka. Hebu fikiria kingo za Kagera pale Murongo. Wape wafugaji wengine, au waue kwa utaratibu. Na ukitaka kuagiza samaki hai kutoka nje, Kampala ikiwamo, ni kwa kibali.

Chakula cha dukani ni ghali. Niwalishe nini? Senene je?

Senene ni za watu. Zaidi ya hapo zina mafuta mengi. Saga dagaa wa Mwanza, lakini uwaoshe kwanza mchanga uishe, uchanganye na mchicha. Viluwiluwi vya mbu ni chakula bora. Chombo cha kuvifugia kifunike kwa chandarua, na uvivune kabla havijaota mabawa. Nyama ya ng'ombe usiwape.

Samaki wote walikufa asubuhi moja. Maji safi, hita nzima.

Kuna aliyepuliza dawa ya mbu chumbani? Dawa nyingi za makopo ni za jamii ya pairethroidi, na kiasi kisichomdhuru mtoto wako huua tangi zima, hasa pampu ya hewa ikiivuta na kuiingiza majini. Dawa ya josho na ya kupulizia kahawa ni hivyohivyo. Nawa mikono mpaka viwiko kabla ya kugusa tangi.

Maji ninayotoa kila wiki nimwage wapi?

Kwenye migomba. Yana nitrati, na migomba inaipenda. Usiyamwage kwenye mfereji unaoelekea kijitoni, kwani mayai na vifaranga hupita humo bila kuonekana. Wiki uliyotibu kwa dawa yenye shaba, hayo yamwage shimoni, mbali na mboga, na pleko awe ameshahamishwa kabla hujaitia, kwa sababu shaba inamdhuru.