AC ya Gari Kuukuu: Kabla Hujajaza Gesi, Tafuta Sababu

Wanachuo wenzangu, muulize dereva yeyote wa gari la zamani hapa Dar kwa nini AC yake inapuliza uvuguvugu. Jibu ni moja: "Gesi imeisha." Ukienda gereji, wengi watakwambia hivyo hivyo kabla hata boneti halijafunguliwa. Somo langu la leo linaanzia kwenye neno hilo "imeisha", maana ndilo linalokula hela za watu.

Gesi ya AC haiishi kama petroli. Petroli inachomwa, lakini gesi ya AC inazunguka tu ndani ya mabomba yaliyofungwa. Kompresa inaibana mpaka inakuwa ya moto. Inapita kwenye kondensa, ile inayofanana na rejeta na kukaa mbele yake, inatoa joto nje na kugeuka kimiminika. Kimiminika hicho kinapenya kwenye tundu dogo la vali, presha inashuka ghafla, kinaanza kuchemka ndani ya evaporeta iliyo nyuma ya dashibodi. Kinapochemka kinanyonya joto la hewa inayopulizwa kwako. R134a, gesi ya magari mengi yaliyotengenezwa kuanzia katikati ya miaka ya 1990, huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri katika presha ya kawaida ya hewa. Baada ya hapo inarudi kwenye kompresa, mzunguko unaendelea.

Kwa hiyo kama gesi imepungua, imevuja. Kupungua kidogo kidogo kwa miaka kadhaa ni kawaida kwa gari lenye mipira iliyochoka. Kupungua ndani ya wiki chache ni tundu.

Mjomba wangu anaendesha Toyota ndogo ya mwaka 2002, anabeba abiria wanaoita kwa simu. Gari si lake, anapeleka hesabu kwa tajiri, na matengenezo ya AC ni juu yake. Ndani ya mwaka mmoja alijaza gesi mara tatu kwenye gereji ile ile. Kila mara baridi ilidumu kama wiki sita. Nilipomuuliza akaniambia, "Mpwa, gari kuukuu linakunywa gesi, fundi kasema." Kila ujazo ulimla hesabu ya siku mbili. Abiria akipanda mchana wa Februari akakuta joto, anampa nyota chache, na nyota zikishuka kazi nazo zinapungua. Humo humo ndimo inamotoka nauli yangu ya kuja chuo, kwa hiyo jambo hili lilinihusu kabisa.

Sisi tunaosoma ualimu tunafundishwa kupima kwanza mwanafunzi amekwama wapi ndipo umfundishe. AC nayo ipimwe hivyo hivyo, ukianza na visivyo na gharama.

Swali la kwanza: upepo ni dhaifu, au upepo ni mwingi ila si wa baridi? Hayo ni magonjwa mawili tofauti. Upepo ukiwa dhaifu, anza na kichujio cha hewa ya ndani. Kwenye magari mengi ya Kijapani kiko nyuma ya droo ya dashibodi, upande wa abiria wa mbele. Unakitoa kwa mkono, na usishangae kukikuta kimejaa majani na vumbi la miaka. Kibadilishe. Kama upepo bado ni dhaifu, huenda feni ya ndani imechoka au evaporeta yenyewe imeziba uchafu.

Upepo ukiwa mwingi lakini wa joto, fuata hatua hizi.

Kwanza, tazama kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani. Kikizimwa, AC inavuta hewa ya nje yenye joto na unyevu muda wote. Hewa ya pwani ina mvuke mwingi, na sehemu kubwa ya nguvu ya AC inaishia kuugeuza mvuke huo kuwa maji, yale yanayodondoka chini ya gari. Gari likiwa limeanikwa juani, fungua vioo dakika moja au mbili joto litoke, kisha funga na uwashe kitufe hicho.

Pili, angalia kondensa. Tope, vumbi na mifuko ya plastiki vikiizuia, joto halitoki. Injini ikiwa imezimwa na kupoa, ioshe kwa maji ya presha ndogo, maana mapezi yake hulala kirahisi. Kisha washa AC, ukae mbali na feni ya rejeta, uone kama inazunguka. Dalili yake ni rahisi: AC inapoza gari likitembea, inashindwa kwenye foleni. Hapo shuku feni kabla ya gesi.

Tatu, sikiliza kompresa. Kwenye magari mengi ya zamani utasikia "ka!" klachi yake ikishika. Isiposhika, fundi akague fyuzi, rilei na swichi ya presha. Swichi hiyo huizima kompresa gesi ikiwa chache mno, kwa kuwa mafuta ya kulainisha kompresa husafiri pamoja na gesi. Asikuunganishie waya moja kwa moja ili ilazimike kushika. Itakufa, na kompresa ndiyo kifaa ghali kuliko vyote hivi.

Nne, hisi bomba nene linalotoka kwenye evaporeta. Likiwa baridi sana na hewa ndani bado ni ya joto, huenda mlango wa kuchanganya hewa baridi na ya moto umekwama. Gesi haina kosa hapo.

Hayo yote yakiwa sawa, sasa tuzungumze gesi. Fundi wa pili aliyeliona gari la mjomba alipitisha tochi kwenye viungo vya mabomba, akaonyesha doa la mafuta yenye vumbi karibu na kondensa. Gesi inapovuja hutoka na mafuta, kwa hiyo doa kama hilo ni la kushuku. Akajaza naitrojeni, akapaka povu la sabuni, mapovu yakapanda. Kilichokuwa kimeharibika ni pete ya mpira ndogo kuliko sarafu! Akaibadilisha pamoja na chupa ya kukausha unyevu, akanyonya hewa yote kwa pampu, ndipo akajaza gesi kwa kuipima kwenye mizani, kufuata gramu zilizoandikwa kwenye stika ya boneti. Hakukisia, maana gesi ikizidi pia AC haipozi vizuri. Mwezi wa nane huu, baridi ipo.

Gesi inayovuja inatuhusu pia sisi tusio na gari. R134a haili tabaka la ozoni, lakini uzito ule ule wake hupasha dunia joto zaidi ya mara 1,000 kuliko kaboni dioksidi kwa kipindi cha miaka 100. Ndiyo maana mwaka 2016 mataifa yalikutana Kigali, Rwanda, na kukubaliana kupunguza matumizi ya gesi za jamii hii. Usiruhusu mtu aiachie hewani, na usifungue bomba mwenyewe, kwani ikigusa jicho au ngozi inagandisha.

Ukifika gereji, uliza maswali matatu tu. Imevujia wapi? Utanyonya hewa kabla ya kujaza? Utajaza gramu ngapi? Fundi anayejua kazi yake atakujibu bila kukasirika. Anayesema "jaza tu, tutaona", mshukuru, washa gari, tafuta mwingine.