Homa Baada ya Upasuaji wa Moyo: Mzigo wa Mgonjwa wa Bonde la Kilombero

Kabla upasuaji wa kufungua moyo haujaanza nchini mwaka 2008, Watanzania wengi waliouhitaji walipelekwa nje, hasa India. Tangu Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ilipoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2015, safari hiyo imefupika. Mkulima wa mpunga wa Mlimba ambaye valvu yake iliharibiwa na homa ya rumatiki utotoni sasa hutibiwa ndani ya nchi, kisha hurudi kwao. Lakini maambukizi yatokanayo na upasuaji mara nyingi hujitokeza mgonjwa akiwa tayari nyumbani, mamia ya kilomita kutoka kwa aliyempasua.

La kwanza ni kidonda. Ili kuufikia moyo, mfupa wa kidari hukatwa kwa msumeno, kisha hufungwa kwa waya. Bakteria wakibaki kwenye ngozi, kidonda huwa chekundu na kutoa usaha. Wakipenya hadi kwenye mfupa, mgonjwa husikia kidari kikicheza anapokohoa. Hali hii ya pili si ya kawaida, ila huua wengi kati ya wanaoipata, na haiponi kwa vidonge: mgonjwa hurudishwa chumba cha upasuaji, mfupa ukasafishwa upya. Ndiyo maana kidonda hiki hufuatiliwa hadi siku 90.

La pili ni gumu zaidi kulitambua. Valvu ya bandia haina kinga ya mwili. Bakteria, hasa wa jamii ya stafilokokasi, hujishikiza juu yake na kujijengea utando ambao dawa huupenya kwa shida. Ugonjwa huu, endokaditisi, huanza kwa homa, jasho la usiku na uchovu. Bondeni Kilombero, nani hajui homa ya namna hiyo inaitwaje? Ifakara, mji uliojenga jina lake duniani kwa utafiti wa malaria, pengine ndiko kosa hili lilivyo rahisi zaidi kufanyika. Na kipimo cha haraka kinaweza kuthibitisha malaria kwa haki kabisa, kwani mtu mzima aliyekulia bondeni anaweza kubeba vimelea vichache bila kuugua, na kipimo chenyewe huendelea kusoma chanya kwa wiki kadhaa baada ya matibabu. Jibu hilo haliondoi uwezekano kwamba valvu imeambukizwa.

Hatari ya pili iko duka la dawa. Dozi chache za amoksilini hushusha homa kwa siku kadhaa bila kuponya, na damu ikipelekwa maabara baadaye bakteria hawaoti. Daktari hubaki akichagua dawa kwa kukisia. Kwa mgonjwa mwenye valvu ya bandia na homa isiyoelezeka, sampuli tatu za damu kutoka mishipa tofauti zichukuliwe kabla ya dozi ya kwanza. Mgonjwa aliyezidiwa asicheleweshwe kwa hilo, kwani sampuli huchukuliwa kwa dakika chache.

Matibabu yenyewe hayachukui chini ya wiki sita za dawa ya mshipa. Wiki sita ni msimu wa kupanda uliopotea, na ni ndugu mmoja aliyekaa Dar es Salaam bila kazi akimhudumia mgonjwa. Kwa hospitali ni kitanda kisichopokea mtoto aliyepangiwa upasuaji wake. Wafarini nayo hutatiza: rifampisini huipunguzia nguvu, ilhali kotrimoksazoli na metronidazoli huizidisha hadi damu ikavuja. Hata septrini inayotolewa kwa kikohozi cha kawaida kituoni yaweza kumdhuru mgonjwa huyu.

Kinga nyingi hufanyika kabla ya kisu: kuoga vizuri, nywele kutonyolewa kwa wembe, na antibayotiki kutolewa ndani ya dakika 120 kabla ya kupasua. Meno mabovu hung'olewa kabla valvu haijawekwa, jambo ambalo wagonjwa wengi huliona geni. Kinachofanyika baadaye hutegemea karatasi. Hati ya ruhusa inapaswa kutaja aina ya valvu, tarehe ya upasuaji, kiwango cha wafarini, namba ya simu ya kliniki, na sentensi moja kwa Kiswahili ambayo mganga wa zahanati ataisoma kabla ya kuandika dawa yoyote: mgonjwa huyu akipata homa, achukuliwe damu ya kuotesha kwanza, na malaria ipimwe pamoja nayo.