Masizi Hayafagiwi Makavu

Pole kwa yaliyokupata. Moto umezimwa, majirani wamesaidia kutoa vyombo, na sasa mkono wako unatafuta ufagio. Uweke chini.

Usifagie masizi makavu. Kila baada ya moto naona kisa kilekile: watu wametoka salama, kisha kesho yake mama na watoto wanaletwa zahanati wakikohoa, mwenye pumu kifua kimembana. Moto haukuwagusa. Ni vumbi la ufagio.

KABLA YA KUINGIA

Ngoja zimamoto (namba 114) waseme ni salama. Moto hujificha darini na ndani ya godoro, ukawaka tena usiku. Usiguse swichi wala soketi mpaka fundi umeme mwenye leseni akague nyaya. Usipite chini ya dari inayoning'inia. Kama nyumba ni ya zamani na paa lake la asbesto limepasuka, usilivunje wala kulisugua. Mwite afisa afya.

WATOTO

Walale kwa jirani mpaka usafi uishe, pamoja na mjamzito, mzee na mwenye pumu.

KUSAFISHA

Fungua milango na madirisha. Vaa glovu, mikono mirefu, viatu vya kufunika, na barakoa inayobana vizuri puani na mdomoni. Khanga iliyofungwa usoni haizuii masizi, maana masizi ni laini kuliko unga.

Nyunyiza maji kidogo kidogo mpaka majivu yalowe, ndipo uyazoe taratibu na kuyatia kwenye mfuko wa taka. Usiyamwagie ndoo nzima, utapata tope jeusi nyumba nzima. Anza na dari, halafu kuta, sakafu iwe ya mwisho. Tumia maji ya uvuguvugu na sabuni ya unga, na uyabadilishe kila yanapokuwa meusi.

Usiwashe feni. Usikung'ute zulia wala mapazia ndani. Usichanganye jiki na dawa ya kusafishia choo: hutoa hewa yenye sumu. Usiingize jiko la mkaa ili kuta zikauke; hewa yake huua watu waliolala. Na usifagie. Hata pembe ndogo ya chumba, hata mara moja tu, usifagie makavu.

CHAKULA NA DAWA

Unga, mchele, maziwa ya mtoto na vidonge vilivyopata moshi au joto, tupa. Najua inauma, gunia la unga ni chakula cha miezi. Tupa hata hivyo. Makopo yaliyovimba au kuungua, tupa. Chupa ya plastiki ya mtoto, tupa.

GODORO

La sponji likishanywa moshi halifuliki. Litoe.

NENDA HOSPITALI LEO

Makohozi meusi, sauti kukwaruza, pumzi kukatika, kichwa kuuma sana, kuchanganyikiwa. Dalili zaweza kuja saa nyingi baada ya moto, kwa hiyo usijipe moyo kwa kuwa jana ulikuwa mzima. Wengi hunywa maziwa wakaenda kulala. Maziwa huenda tumboni, moshi uko kifuani.

UKIMALIZA

Oga, osha na nywele. Nguo za kazi zifue peke yake, zaidi ya mara moja. Na kesho majirani wakija kukusaidia na fagio zao, wapokee kwa shukrani, kisha wape ndoo na vitambaa.