Miripuko ya Jua na Faida ya Kuichunguza

Tarehe 1 Septemba 1859 Mwingereza Richard Carrington alikuwa akichora madoa ya jua kama ilivyokuwa ada yake. Mara akaona nuru kali imezuka penye madoa hayo, isidumu ila dakika chache. Hazikupita saa 18, sumaku ya dunia ikataharuki, na nyaya za telegrafu za Ulaya na Marekani zikatoa cheche.

Kwa nini nuru ilionekana kwanza na tufani ikachelewa? Kwa sababu jua liripukapo laweza kutuletea mambo matatu, na kila moja lina mwendo wake.

La kwanza ni nuru pamoja na miali ya eksirei. Hufika kwa dakika 8, ikavuruga tabaka za juu za hewa, na redio za masafa mafupi zikanyamaza upande wenye mchana. Hapa habari na madhara huja pamoja.

La pili ni chembe ndogo mno zendazo kwa kasi. Zaweza kufika kabla ya saa moja kutimia, nazo hudhuru satelaiti na wasafiri wa angani.

La tatu ni wingu kubwa lenye sumaku, ambalo aghalabu husafiri siku 1 hadi 3. Wingu la namna hii ndilo lililozima umeme wa Quebec, Kanada, tarehe 13 Machi 1989. Watu kama milioni 6 walikosa umeme, wengi wao kwa saa 9.

Basi faida ya kuchunguza imo katika siku hizo chache. Mei 2024 tufani ilifikia daraja ya tano, iliyo ya mwisho. Lakini onyo lilikuwa limekwisha kutolewa, na wenye mitambo ya umeme wakajiweka tayari.

Wala huu si uaguzi wa nyota. Mwaguzi hataji sababu wala hakubali kupimwa. Mchunguzi hutaja sababu, na akikosea husahihisha hesabu yake.

Kwa hivyo tusikiapo kwamba jua limeripuka, tusitishike wala tusipuuze. Yatupasa kuuliza mawili: mripuko ni wa herufi gani katika A, B, C, M na X, ambazo kila moja ni mara 10 ya iliyotangulia, na je, wingu limetoka kuelekea kwetu? Asiyeuliza la pili hajajua bado lililo muhimu.