Kabla ya kuikabidhi kompyuta ya zamani



Somo la robo hii tumejifunza kwa kukosea wenyewe. Familia moja ya Mazinde, wilayani Korogwe, ilitupatia kompyuta ya mezani waliyokuwa wamewanunulia watoto wao. Watoto wamekua na wameondoka nyumbani, na wazazi wakaona ni vema vijana wa kigango waitumie katika chumba cha kujisomea. Tulishukuru, tukaipokea, tukaiwasha. Ilikuwa nzima. Familia ilituambia imefuta kila kitu, nasi hatukuuliza zaidi.

Baada ya wiki chache kijana mmoja alifuta kazi yake kwa bahati mbaya. Mwenzake akaweka programu ya kurudisha mafaili yaliyopotea. Kazi ilirudi, lakini ilirudi pamoja na mambo mengine. Baba wa familia ile aliwahi kuwa mweka hazina wa jumuiya, na orodha ya waliosaidiwa na mfuko wa wahitaji ilikuwa humo: nani alilipiwa ada, nani alisaidiwa nauli ya kwenda kliniki, na kwa ugonjwa gani. Vijana wale waliwafahamu watu hao. Mmoja wao alikuta jina la mama yake.

Tulisimamisha matumizi siku hiyo hiyo na kwenda kuomba radhi. Hatuilaumu familia, kwani ilitoa kwa moyo mweupe. Sisi tuliopokea ndio tuliopaswa kuuliza. Tumeandika somo hili ili kamati zetu, na wafadhili wanaotutumia vifaa, wasirudie kosa letu.

Kwa nini kufuta hakutoshi

Tufikirie leja ya parokia yenye orodha ya yaliyomo kwenye ukurasa wa mbele. Ukikata jina katika ukurasa ule, habari za mtu huyo bado zimo ndani. Kompyuta hufanya hivyo hivyo. Faili likifutwa na kapu la taka likimwagwa, mara nyingi kinachoondolewa ni anwani yake tu. Maandishi hubaki kwenye diski mpaka yaandikiwe mengine juu yake.

Jambo hili limechunguzwa. Kati ya mwaka 2000 na 2002, Simson Garfinkel na Abhi Shelat wa chuo cha MIT, Marekani, walinunua diski 158 zilizokwisha kutumika. Katika taarifa yao ya mwaka 2003 walieleza kwamba 129 zilikuwa bado zinafanya kazi, na 12 tu ndizo zilizosafishwa ipasavyo. Nyingine zilikuwa na barua, habari za matibabu na namba za kadi za benki zaidi ya 5,000.

Kwa hapa Tanzania kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kamati inayotunza majina na hali za afya za watu ina wajibu wa kuzilinda, hata kama orodha hiyo imehifadhiwa kwenye kompyuta ya nyumbani kwa mtu.

Hatua za kufuata

1. Nakili kwanza. Picha za familia, barua, vyeti na hesabu vinakiliwe kwenye flashi au diski ya nje. Kisha fungua nakala hizo kwenye kompyuta nyingine uhakikishe zinasomeka. Usifute chochote kabla ya hapo. Kumbukumbu za jumuiya zirudishwe kwa viongozi waliopo sasa.

2. Jiondoe. Toka katika barua pepe na akaunti zote, na ufute maneno ya siri ambayo kompyuta imeyahifadhi.

3. Safisha diski nzima. Windows 10 na 11 zina sehemu ya kurudisha kompyuta katika hali ya mwanzo. Chagua kuondoa kila kitu na pia kusafisha diski, ingawa huchukua saa nyingi. Diski ya zamani inayozunguka inaweza pia kutolewa na fundi na kufomatiwa kwenye kompyuta nyingine. Ifomatiwe kikamilifu, siyo kwa njia ya haraka, maana njia ya haraka hurudia kosa la leja. Diski za kisasa zisizozunguka husafishwa kwa programu ya mtengenezaji wake. Diski iliyokufa itolewe na itobolewe.

4. Weka mfumo unaofaa. Windows XP ilikoma kupewa marekebisho ya usalama tarehe 8 Aprili 2014, Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta yenye mifumo hiyo haifai kuunganishwa na intaneti. Nyingi kati yake hufanya kazi vizuri zikiwekewa Linux Mint, ambayo ni ya bure, pamoja na LibreOffice kwa kuandika na kupiga hesabu. Mahali pasipo na intaneti, programu ya Kiwix huwezesha kusoma Wikipedia iliyokwisha kupakuliwa, ikiwemo ya Kiswahili.

5. Safisha vumbi na kagua umeme. Mazinde ni tambarare yenye joto chini ya milima ya Usambara, na vumbi huziba feni mpaka kompyuta inajizima. Chomoa waya, fungua ubavu na tumia brashi laini. Usifungue kamwe kisanduku cha kupokelea umeme. Wafadhili walioko Marekani wakumbuke kwamba umeme wetu ni volti 230. Kompyuta nyingi za zamani zina swichi ndogo nyuma, yenye alama 115 na 230. Ikichomekwa hapa ikiwa kwenye 115, itaungua siku ya kwanza. Vilevile, saa ikirudi nyuma kila kompyuta inapozimwa, badilisha betri ndogo ya duara iliyo ndani. Tarehe ikiwa si sahihi, tovuti nyingi hukataa kufunguka.

6. Ijaribu, kisha iandikie barua. Iwashe kwa saa kadhaa mfululizo. Andika ukurasa mmoja: ina mfumo gani, neno la siri la kuanzia, kasoro zake, na diski ilisafishwa lini na nani. Weka pamoja waya, kibodi na kipanya. Anayepokea asilazimike kununua vitu ili zawadi ianze kufanya kazi.

Pale ambapo ni bora kutokutoa

Kompyuta isiyowaka, au inayohitaji vipuri visivyopatikana Korogwe wala Tanga, ni mzigo kwa anayepokea. Skrini nene za zamani zina madini ya risasi katika kioo chake, na hazifai kutupwa shimoni wala kuchomwa. Nchi yetu ina kanuni za mwaka 2021 za kudhibiti taka za vifaa vya umeme na elektroniki, na vifaa vilivyokufa vinapaswa kwenda kwa wakusanyaji wenye kibali. Tunawaomba wafadhili watuulize kabla ya kutuma. Kompyuta moja iliyoandaliwa inatufaa kuliko kumi za kurundika stoo.

Ile ya Mazinde imerudi mezani. Diski yake ilisafishwa upya, mwenye kompyuta akiwa ameketi nasi akishuhudia. Orodha ya mfuko sasa inatunzwa na mweka hazina wa sasa peke yake, na yule kijana bado anakuja kusoma. Mama yake tulimwendea nyumbani. Alitusamehe, lakini alituuliza swali ambalo tunawaachia nanyi: msaada uliotolewa kwa siri, nani analinda siri hiyo baada ya mtoaji kuondoka?

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Kumbukumbu za wahitaji wetu ziko kwenye kompyuta za nani? Viongozi waliomaliza muda wao je?

2. Katika kigango chetu, nani atapokea kifaa, na nani atathibitisha kimesafishwa kabla hakijaguswa na wengine?

3. Je, tuna chochote stoo ambacho tulipaswa kukikataa?