Bendera na Dhamiri
Somo kwa vikao vya vijana na wazazi



Mwezi huu twataka kuliangalia jambo moja liletalo ugomvi katika nchi nyingi, nalo ni hili: Je, mtu aipendaye nchi yake aweza kukataa kusimama wimbo wa taifa uimbwapo? Tena, mwanamichezo aliyevaa rangi za nchi yake, je, ana haki ya kuonyesha huzuni yake mbele ya bendera? Vijana wetu huziona picha za mambo haya, kisha huwauliza walimu. Haifai mwalimu akose la kujibu, wala haifai ajibu kwa hasira pasipo kuzijua habari. Basi na tuanze kwa habari zenyewe, ndipo tupime.

1. Bendera ni nini?

Bendera ni kitambaa, walakini si kitambaa tu. Katika nchi ya Marekani, askari aliyekufa vitani hufunikwa bendera juu ya jeneza lake; kisha bendera ile hukunjwa na kupewa mjane au mzazi. Kwa mama yule, anayemwona mtu akiidharau bendera ni kama amwonaye akiukanyaga kaburi wa mwanawe. Tusimcheke, maana uchungu wake ni wa kweli.

Lakini kuna na upande wa pili. Maneno ya wimbo wa taifa wa Marekani yalitungwa mwaka wa 1814 na Francis Scott Key, alipoona ngome ya Baltimore ikipigwa mizinga na Waingereza. Mwaka wa 1931 ukawekwa kwa sheria kuwa wimbo wa taifa. Naye Key aliyeusifu uhuru alikuwa na watumwa. Basi mzao wa watumwa ausikiapo wimbo huo, husikia sifa ya nchi, na pamoja nayo ahadi ambayo babu zake hawakutimiziwa. Alama ni moja. Yaliyo mioyoni mwa waitazamao si mamoja. Tusipolielewa hili, hatutaelewa yafuatayo.

2. Mambo ya Mexico, mwaka wa 1968

Tarehe 16 Oktoba 1968, katika Michezo ya Olimpiki mjini Mexico, Tommie Smith wa Marekani alishinda mbio za mita 200 kwa sekunde 19.83, mwendo ambao mtu yeyote alikuwa hajaufikia. Wa pili alikuwa Peter Norman wa Australia, mtu mweupe, na wa tatu John Carlos wa Marekani. Mwaka huo Marekani ilikuwa na msiba: Martin Luther King alikuwa ameuawa mwezi wa Aprili.

Smith na Carlos walipanda jukwaani bila viatu, wamevaa soksi nyeusi, iwe alama ya umaskini wa watu wao. Carlos alivaa shanga shingoni kwa kuwakumbuka waliouawa na makundi ya watu pasipo hukumu. Wimbo ulipoanza waliinamisha vichwa, wakainua ngumi, kila mmoja na glavu moja nyeusi. Smith mkono wa kuume, Carlos wa kushoto. Hawakusema neno, wala hawakumgusa mtu. Norman hakuinua mkono, lakini alivaa kifuani beji ileile waliyoivaa wenzake, beji ya wanamichezo waliodai haki za binadamu.

Watu wengi uwanjani wakawazomea. Avery Brundage, mkuu wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, akashurutisha waadhibiwe, nao wakaondolewa katika kikosi na kutolewa katika makao ya wanamichezo. Alisema kwamba siasa haina mahali katika michezo. Lakini mwaka wa 1936 mjini Berlin, alipokuwa mkuu wa kamati ya Marekani, hakuipinga saluti ya Kinazi iliyotolewa mbele ya bendera. Hapa pana fundisho: mara nyingi asemaye kwamba alama zisichanganywe na siasa huwa amekwisha kuichagua siasa inayoruhusiwa.

Waliporudi kwao walipata vitisho na shida ya kazi. Norman naye hakupelekwa katika Olimpiki ya Munich mwaka wa 1972. Wengi wanaona kwamba ilikuwa kwa ajili ya beji ile, ingawa kamati ya michezo ya nchi yake imekana. Mwendo alioukimbia siku ile haukupitwa na Mwaustralia hata Desemba 2024. Norman alifariki mwaka wa 2006, na waliobeba jeneza lake walikuwamo Smith na Carlos. Mwaka wa 2012 Bunge la Australia likamwomba radhi, yeye akiwa kaburini. Na mwaka wa 2019 kamati ya Olimpiki ya Marekani ikawatia Smith na Carlos katika orodha ya wanamichezo wake wa heshima. Waliofukuzwa kwa kuwa wameaibisha nchi wakahesabiwa kuwa heshima ya nchi. Ila ilipita miaka 51.

3. Mwingine katika uwanja uleule

Tusisahau kwamba siku nne baadaye, tarehe 20 Oktoba, mtu wa kwetu aliingia katika uwanja huohuo. John Stephen Akhwari, mwana wa Mbulu, alikuwa ameanguka na kuumia goti katika mbio ndefu za marathoni. Mshindi alikwisha kufika zaidi ya saa nzima, na jua limetua, alipoingia akichechemea, mguu umefungwa bendeji, akawa wa 57 na wa mwisho. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma mbali vile ili aanze mbio, bali ili azimalize.

Je, ni nani aliyeipenda nchi yake, Akhwari au Smith? Sisi twasema: wote wawili. Akhwari alitumwa na taifa changa lililojivunia uhuru wake wa miaka saba, naye akaliheshimu kwa kuvumilia maumivu. Smith alitoka katika taifa kubwa lililokuwa na jeraha, naye akaliheshimu kwa kulionyesha jeraha lile. Wahenga walisema, Mficha maradhi kifo humuumbua. Amwambiaye mgonjwa kwamba hana ugonjwa si rafiki yake.

4. Aliyepiga goti

Mwezi wa Agosti 2016, Colin Kaepernick, mchezaji wa mpira wa Kimarekani katika timu ya San Francisco 49ers, alikaa kitini wimbo wa taifa ulipopigwa. Alipoulizwa, alisema hawezi kuionyesha fahari bendera ya nchi inayowaonea watu weusi, ambao wengine wao waliuawa na polisi. Kijana huyu, kwa taarifa ya wasomaji wetu, alipata kipaimara katika kanisa la Kilutheri.

Jambo lililofuata twaliona kuwa kubwa kuliko yote. Nate Boyer, aliyekuwa askari wa kikosi maalumu kabla ya kucheza mpira, alichukizwa na kukaa kule, lakini hakumtukana, alimwandikia. Wakakutana, wakasemezana. Boyer akamshauri apige goti badala ya kukaa, kwa kuwa askari hupiga goti mbele ya kaburi la mwenzao. Kaepernick akakubali, na tarehe 1 Septemba 2016 akapiga goti, na mwenziwe Eric Reid pamoja naye, Boyer akisimama kando yao. Basi goti lile lililochukiwa na wengi lilikuwa tunda la mazungumzo kati ya mwenye uchungu na mwenye kuumizwa na uchungu wake. Nasi tupigao magoti mezani pa Bwana, na ambao mila zetu nyingi hufundisha watoto kupiga goti mbele ya wazee, twajua kwamba goti si alama ya dharau.

Hata hivyo alilipa. Tangu mwezi wa Machi 2017 alikuwa huru kuajiriwa na timu yoyote, wala haikutokea hata moja iliyomwajiri. Akufukuzaye hakwambii toka. Alishtaki, na mwaka wa 2019 shauri likaisha kwa mapatano. Baada ya George Floyd kuuawa na polisi mjini Minneapolis tarehe 25 Mei 2020, mkuu wa ligi alikiri kwamba walikosa kwa kutowasikiliza wachezaji mapema.

5. Sheria yasemaje?

Katika Marekani, mwaka wa 1940 Mahakama Kuu iliamua kwamba shule zaweza kuwashurutisha watoto kuisalimu bendera. Baadaye watoto wa Mashahidi wa Yehova, wasioisalimu kwa ajili ya imani yao, walifukuzwa shuleni katika jimbo la West Virginia. Tarehe 14 Juni 1943, vita vikiwa vikali, mahakama ileile ilijigeuza kwa majaji 6 dhidi ya 3, ikasema kwamba serikali haiwezi kumlazimisha mtu kukiri kwa kinywa asichoamini. Uamuzi huo una hekima: saluti iliyotolewa kwa kuogopa fimbo haimpi mtu upendo, yamfundisha unafiki tu.

Walakini tutofautishe. Sheria hiyo yamkinga mtu na serikali. Haimkingi hivyo na mwajiri asiye serikali. Ndiyo maana mtoto wa shule ya serikali alikuwa na kinga ambayo Kaepernick hakuwa nayo kwa timu yake. Nayo Olimpiki ina kanuni zake: mwaka wa 2021 iliruhusu wanamichezo watoe mawazo yao uwanjani kabla ya mashindano kuanza, bali jukwaani pa washindi ikaendelea kukataza. Basi kuna lililo haki kwa sheria, na kuna lililo haki kwa dhamiri, hayalingani sikuzote.

6. Tupimeje?

Wengine hutaja wale vijana watatu wa Babeli katika Danieli 3. Mfano ni mzuri, lakini tuutumie kwa uangalifu. Wao walitakiwa kuabudu sanamu. Kusimama wimbo uimbwapo si kuabudu, nasi twasimama kwa furaha. Lakini tukumbuke kwamba vijana wale walikuwa watumishi waaminifu katika kazi ya mfalme. Kukataa kwao jambo moja hakukuwa uasi katika mambo yote.

Twadhani yafaa kumpima mtu wa namna hii kwa maswali manne. Je, neno alalamikalo ni la kweli? Je, afanya kwa amani, pasipo kumzuia mwingine asisimame na kuimba? Je, yu tayari kulipa gharama mwenyewe, asiwatwike wengine? Je, ataka nchi iponywe, au ataka iaibike tu? Akiyapita haya, twaweza kutokubaliana na njia yake, lakini hatuna ruhusa ya kumwita adui wa nchi.

Kisha tujipime sisi tuliosimama. Kusimama ni rahisi. Mtu aweza kusimama wima kama mlingoti, mkono kifuani, naye amekula fedha ya shule ya kijiji. Boyer alisimama, lakini kwanza alisikiliza. Norman alisimama bila kuinua mkono, lakini hakuwaacha wenzake peke yao. Heshima ya bendera hukaa hapo, katika jinsi tunavyowatendea wale wanaokaa chini yake.

Maswali ya kuzungumza kikaoni

1. Bendera yetu inakukumbusha nini? Je, jirani yako akumbuka hayohayo?
2. Kwa nini goti la Kaepernick lilichukiza wengine na kufariji wengine?
3. Linganisheni upendo wa nchi wa Akhwari na wa Smith.
4. Mtu wa usharika wenu akikataa jambo kwa ajili ya dhamiri yake, ni nani atakayekwenda kwanza kusemezana naye?