Sangara, Furu na Dagaa: Mizani ya Ziwa Viktoria

Katika Ziwa Viktoria, furu wa mamia ya aina walikula mwani, konokono, wadudu na hata samaki wenzao. Sangara, aliyepandikizwa kuanzia miaka ya 1950, alibaki haba kwa muda mrefu. Katika miaka ya 1980 akaongezeka ghafla, na furu wakapungua mno. Hata hivyo, sangara hakufa njaa: dagaa na uduvi waliongezeka, naye akawala hao pamoja na watoto wake mwenyewe. Uvuvi ulipompunguza, baadhi ya furu walirejea. Wengine hawakuonekana tena. Hivyo ziwa laweza kupata utulivu mpya usiofanana na ule wa awali.

Zoezi: Chora mtandao wa chakula wa ziwa hili kabla na baada ya badiliko hilo.